Ufunguo wa Gari la Wifi

Nyumba Namba 2, Mtambo wa Maji
6 Februari

Wifi yangu mwenye maringo,

Hujambo wewe mkuu wa mashuka? Bado unawapigia kelele wafuaji wa hoteli, au wameshakupeleka mahakamani? Mimi huku mzima. Zile sketi ulizoniletea safari ile usizidai tena, zimeshakuwa vitambaa vya kufutia vumbi. Mdogo wako hajambo, yuko kazini. Maji ya mwaka huu yana tope kuliko mwaka jana, basi anashinda kwenye mabwawa ya kuchujia akipima na kuandika, akipima na kuandika. Wafanyakazi bado wanamwita Bwana Mtambo, naye bado anajifanya hapendi. Mimi niko likizo tangu Novemba, napumzika.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu yangu haiko sawa siku hizi. Tena barua ina raha yake, huwezi kunikatiza.

Haya, najua unasema moyoni, huyu haandiki bure. Kweli siandiki bure. Ufunguo wa gari umepotea. Usipige kelele, nakusikia hadi huku. Ule mmoja tu tuliopokea pamoja na gari, wenye mpira uliochakaa, haupo. Gari liko palepale mbele ya nyumba, limefungwa, viti vya ngozi na mbao zako za kifahari za dashibodi zote ziko ndani, na vumbi juu yake ni la kuandikia. Juzi mtu wa zamu ameandika kwa kidole, NIOSHENI JAMANI.

Nilimwomba dereva wa lori la klorini, anayekuja hapa kila Alhamisi, mtu mzima mwenye adabu zake, akaniulizie mjini kwa fundi wa funguo. Fundi amesema lingekuwa gari la kawaida angechonga chuma, tukamaliza. Hili la kwako ni la wakubwa. Ufunguo wake una kitu ndani kinachoongea na kompyuta ya gari, na kompyuta isipokisikia gari haliwaki hata ulibembeleze. Mpya anaweza kutengeneza, mashine anayo. Lakini hagusi gari la namna hiyo bila karatasi: barua yenye sahihi ya mwenye gari, nakala ya kitambulisho chake, na kadi ya gari. Anaogopa wezi, wala simlaumu. Na mwenye gari kwenye kadi ni wewe, maana tangu harusi miaka saba iliyopita tunasema tutabadilisha jina, hatubadilishi.

Basi niandikie hiyo barua, unitumie mimi, kwa sanduku la posta la dereva wa lori. Namba iko nyuma ya bahasha. Likizo yangu inakwisha, natakiwa kuripoti tarehe moja Julai, na matroni ameshasema nisipofika siku hiyo nafasi yangu wodi ya wazazi anapewa mwingine. Kutoka hapa hadi kituo cha afya ni kilomita kumi na nne za mashimo, na hakuna gari la abiria linalopita njia ya mtambo. Bila gari lile sina kazi, wifi. Miaka kumi na moja nazalisha wanawake. Sijui kufanya kitu kingine, hata kupika wewe mwenyewe unasema siwezi.

Fanya haraka, mtu mzito wewe.

Wifi yako,
Mkunga


Chumba cha Dobi, Hotelini
3 Machi

Wewe mkunga mchokozi,

Barua yako imenikuta na mashuka mia mbili ya wageni wa mkutano, nikaisoma nimekaa juu ya kapu la nguo chafu, nikacheka hadi wafuaji wakadhani nimepandishwa cheo. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Mvua huku haijanyesha. Bosi wangu, yule mwenye hoteli aliyeniuzia gari, ananiuliza kila mara, "Lile gari langu linatunzwa?" Nimemwambia linatunzwa kama yai. Sasa nimwambie limeandikwa kwa kidole?

Ufunguo unapoteaje, wee? Kitu kizito kile, ukianguka sakafuni unaona aibu kwa jirani.

Na usinifiche, likizo ya tangu Novemba naijua ni likizo gani. Mdogo wangu aliniambia kwenye simu mwezi wa kumi kwamba kuna mgeni njiani, kisha nyote wawili mkanyamaza kimya. Mnaona haya, au mnaogopa jicho langu? Nimehesabu kwa vidole, ni Aprili hiyo. Taulo ndogo nimeshanunua sita, laini, za hotelini hazifiki hapo. Na ukimaliza kujifungua ndipo unarudi kazini Julai, sawa, nimekuelewa bila kuambiwa.

Sasa kuhusu gari. Barua nimeandika, nimetia sahihi, nakala ya kitambulisho nimepiga, kadi nimeitafuta siku mbili nikaikuta ndani ya kitabu cha nyimbo. Ila sikuituma kwa huyo dereva wako. Jamani! Karatasi za gari zipite kwa mtu wa lori, na mdogo wangu yupo hapohapo ndani? Angejisikiaje akijua dada yake na mkewe wanapitishiana bahasha nyuma ya mgongo wake? Mimi nimelelewa. Nimemtumia yeye, kwa anwani ya ofisi, na ndani nimemwandikia kwa heshima, "Mkeo ameniomba, tafadhali mshughulikieni pamoja." Ndiye mwanamume wa nyumba, na atafurahi kuona tunamshirikisha.

Kula vizuri. Kula kwa watu wawili.

Wifi yako mzito


Nyumba Namba 2
29 Machi

Wifi,

Hujambo? Mimi sijambo. Mvua imeanza, mabwawa yamejaa. Magoti yako yakandwe kwa maji moto na chumvi, usicheke, mimi ni mtu wa afya.

Karatasi zimefika. Alikuja nazo nyumbani saa ya chakula cha mchana. Alizisoma mara mbili kimya, halafu akanisomea kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mita. Akaniuliza, "Uliandika lini?" Nikasema Februari. Akauliza nani alipeleka barua. Nikasema sikumbuki. Akazitia kwenye faili la nyumba, baina ya hati ya friji na vyeti vya ndoa, akasema tutalishughulikia mvua ikipungua. Hakugomba. Hajawahi kunigombeza, unamjua.

Naomba uandike nyingine. Nitumie mimi, kwa sanduku la dereva. Usiniulize sababu sasa hivi.

Taulo usitume kwanza.

Mkunga


Nyumba Namba 2, Mtambo wa Maji
24 Aprili

Mpendwa Dada,

Natumai u mzima wa afya. Sisi sote ni wazima. Hali ya hewa ni ya mvua na kazi zinaendelea vizuri.

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba ufunguo wa gari umepatikana, kwa hiyo usijisumbue tena kuandika barua ya idhini. Pia nimeamua kutorudi kazini kwa ajili ya afya yangu. Mume wangu ananisaidia kuandika kwa sababu mkono unachoka. Tunakushukuru kwa yote.

Ni mimi mdogo wako katika ndoa


Chumba cha Dobi
12 Mei

Mkunga,

Naandika kwa sanduku la dereva wa lori, kama ulivyotaka tangu mwanzo, nami nikajifanya mjuzi.

Kwa miaka saba hujawahi kuniita Mpendwa. Hujawahi kuniita Dada. Umeniita mzito, mwenye maringo, mla sabuni, na mwaka ule nilipochelewa kuja kwenu uliniita konokono mbele ya watu. Barua ya Aprili haina tusi hata moja. Nimeisoma mara nne nikilitafuta. Nikaenda kusimama chumba cha mashine, kule kwenye kelele, ili wafuaji wasinione.

Tena eti mkono unachoka. Mkono gani? Wewe umewahi kuzalisha wanawake watano zamu moja, kisha ukaja nyumbani ukanifunga nywele.

Nakuuliza maswali mawili, nijibu kweli hata kama jibu ni baya. Ufunguo uko wapi? Na mtoto yuko wapi?

Wifi yako


Nyumba Namba 2
22 Mei

Wifi,

Salamu nitakupa mwishoni. Nikianza nazo sitafika.

Mtoto alitoka Novemba, miezi minne na siku kadhaa. Nilikuwa zamuni, matroni ndiye aliyenishika. Mimi ninayewaambia wenzangu kila siku, "Pole, mwili utarudi," nilikosa la kujiambia. Mdogo wako alikuja kunichukua, akanilaza, akanifulia nguo kwa mikono yake. Alilia kuliko mimi. Akasema ni barabara ile, ni kuendesha kilomita kumi na nne za mashimo kila siku. Najua haikuwa barabara, ndiyo kazi yangu kujua. Lakini mtu analia mbele yako, utamfundisha? Akasema pumzika mwezi mmoja, nikakubali. Akautoa ufunguo kwenye msumari wake ukutani, akautia mfukoni. Nilimwona. Nilidhani ni huruma. Na ilikuwa huruma, wifi, hapo ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo.

Haukupotea. Uko kwenye mfuko wake wa kulia, akitembea nausikia unagonga sarafu. Akienda kuoga anaingia nao bafuni.

Mwezi ukaisha, akasema bado sijapona. Simu akasema inanitia mawazo, inakaa kwenye droo ya ofisi yake. Likizo bila malipo aliniombea mwenyewe, akaniletea nitie sahihi tu. Mlinzi wa geti akaambiwa mama mgonjwa, asitoke peke yake. Na mlinzi wetu unamjua, anaandika kila kitu daftarini hata paka akipita, maana hapa mtu asipoandika anapewa onyo. Dereva wa lori hawezi kunibeba, ni marufuku abiria kwenye lori la kemikali, na geti linakaguliwa hadi chini ya viti. Angepoteza kazi yake kwa ajili yangu. Barua hizi tu nazitia kwenye mfuko wa karatasi za mapokezi ya klorini, naye anajua.

Kwa nini nisitembee kwa miguu? Nimetembea. Aprili, mvua ikinyesha, mlinzi alipokwenda kufunga vali. Nilifika kilomita ya nne. Mdogo wako akaja na gari la mtambo, akafungua mlango, akavua koti lake akanifunika. Nyuma walikaa wafanyakazi watatu wanatazama. Ungeona, wifi, yeye malaika, mimi mwanamke aliyechanganyikiwa anayetembea mvuani barabarani. Hata ningepiga kelele wangesema, maskini, tazama anavyomvumilia. Siku ileile ndiyo tukaandika ile ya Mpendwa Dada. Alinishikia karatasi isiteleze.

Nyumba unaikumbuka, vyumba vitatu na dirisha la jikoni linalotazama pampu. Pampu hazinyamazi. Zamani nilikuwa sizisikii, sasa nazisikia hata nikiziba masikio. Nimefua mapazia mara tatu wiki hii. Gari liko hatua ishirini kutoka jikoni, nalitazama mpaka najichukia. Milango ya nyumba iko wazi mchana kutwa, na sina pa kwenda. Nimebakiwa na Juni peke yake.

Hajanipiga. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ni ndugu yako na kwa sababu ni kweli. Ndiyo maana sijui nimweleze nani, na nianzie wapi.

Ukikasirika kwa kuwa nimekuandikia haya juu ya mdogo wako, kasirika, lakini nitumie karatasi.

Salamu ndizo hizi. Wasalimie wafuaji.

Mkunga


Chumba cha Dobi
17 Juni

Wifi yangu,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tisa Mei. Hesabu mwenyewe. Nimeikalia karibu wiki tatu, na wewe huko siku zako zinakwisha. Sina udhuru ila huu nitakaokupa, nao haunipendezi.

Siku mbili baada ya barua yako, mdogo wangu alinipigia. Alikuwa analia. "Dada," akasema, "usimwandikie. Mke wangu anaumwa. Anahitaji utulivu tu." Huyu nimemlea mimi. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu, nimemtia sabuni machoni nikimwogesha. Sauti yake ikivunjika mimi huwa sina akili. Nikamwambia sawa, nitangoja. Nikakata simu, nikaenda kupanga mito ya vyumba vya juu, kazi ambayo si yangu.

Anaumwa. Neno lile likakataa kuniondoka.

Mama yetu hukumkuta. Uliambiwa aliumwa miaka mingi kabla ya kufa, na kila mtu aliambiwa hivyo. Wifi, mama hakuumwa. Mama alikuwa na jozi moja ya viatu vya kutokea. Kila asubuhi baba alikuwa anavifungia kabatini, anaondoka na ufunguo kazini, akirudi jioni anamfungulia. Mama alikuwa mtu wa watu, mwenye haya zake, hawezi kwenda njiani peku. Miaka tisa. Wageni wakija sebuleni baba anasema kwa upole, leo anaumwa. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, aliamini. Alikuwa anambebea maji kitandani kwa mikono miwili, asimwage. Mimi nilikuwa na kumi na tatu, na nilijua, na kabati lile ningelivunja kwa nyundo ya jirani. Sikulivunja. Sikumwambia mdogo wangu hata alipokuwa mtu mzima. Nilisema nimwachie baba mzuri kichwani. Nadhani hapo ndipo nilipokosea, amejifunza kwamba mtu ukimpenda ndivyo anavyotunzwa.

Alipokuja kunionyesha mchumba, nikaona mwanamke mwenye mdomo na zamu na mkoba wake begani, nikafurahi hadi nikaogopa. Nikamfuata bosi wangu aniuzie lile gari kuukuu. Watu wakasema dada mtu kamnunulia mdogo wake gari la kifahari. Sikumnunulia yeye. Na jina sikulibadilisha kwa kusudi, kila mwaka nikawa natafuta kisingizio. Nilitaka liwepo gari moja duniani ambalo hawezi kusema ni lake. Kumbe na mimi nimesahau kufikiria ufunguo.

Nimekwenda kwa wakili. Barua ni mpya, ina muhuri mwekundu, kurasa mbili, na wakili ameambatisha kitambulisho changu na nakala ya kadi ya gari niliyobaki nayo. Imesema gari ni mali yangu, likabidhiwe wewe, utengenezewe ufunguo, uliendeshe popote na saa yoyote, na mtu mwingine asilizuie kutoka mahali lilipo. Wakili aliniuliza, "Mtu mwingine kama nani?" Nikamwambia andika tu. Nakala moja iko kwa dereva wa lori, nyingine ameshapewa fundi wa funguo mkononi.

Mdogo wangu akijua hatanisamehe. Nimelia, nimemaliza.

Nisamehe wiki tatu.

Wifi yako


Kituo cha Afya, Chumba cha Wauguzi
9 Julai

Wifi,

Hujambo? Mimi naandika kwenye meza ya chai, matroni ananitazama jicho la pembeni kwa kuwa nimemaliza sukari. Nimeripoti tarehe moja, saa moja kasoro robo asubuhi. Nalala chumba cha zamu na mwenzangu anayekoroma. Wiki tatu zako nimezisamehe, ingawa nilizihesabu zote.

Nikupe habari kwa mpangilio, maana najua utaniuliza kila hatua.

Alhamisi ya tarehe ishirini na sita Juni mdogo wako alikuwa na mkutano makao makuu, mjini. Lori likaingia saa tatu, na nyuma yake fundi wa funguo juu ya pikipiki, betri ya gari imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Mzee mmoja mwembamba, hacheki. Mlinzi akamwandika. Akafungua mlango kwa vyuma vyake, akatia betri, na king'ora cha gari lako kikaanza kulia! Wee! Kwa miezi saba limenyamaza, sasa limepata la kusema. Zamu nzima ikatoka nje, hata mpishi. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipolinyamazisha akachomeka mashine yake chini ya usukani, akakaa dakika arobaini anatazama namba. Halafu akaniuliza, "Mama, ule wa zamani uko karibu? Kama upo ulete niuandikishe pamoja na huu. Gari hili likiandikishwa upya linasahau ufunguo wowote usiokuwepo. Utafungua mlango, lakini injini haitawaka." Nikasimama pale na mkono juu ya boneti. Ungedhani hilo ni swali dogo. Nilijua nikisema haupo, nimesema jambo ambalo halirudi. Fundi akangoja, ananitazama. Nikamwambia, "Haupo."

Getini mlinzi alisimama katikati ya njia. Akasema, "Mama, nimeambiwa usitoke peke yako." Nikampa karatasi za wakili kupitia dirishani. Alizisoma zote mbili, akapitisha kidole kwenye muhuri. Akauliza, "Agizo la bwana umeliona limeandikwa popote?" Nikasema hapana. Akasema, "Hata mimi sijaliona. La mdomo hilo. Mwenyewe ndiye aliyetufundisha hapa kwamba lisiloandikwa halipo." Akaandika namba ya gari, saa nne na dakika hamsini, dereva: mkunga. Akafungua. Siku ile nikafikia kwa matroni, nikiwa na nguo nilizovaa na mkoba. Niliendesha kilomita kumi na nne nikikanyaga breki nikidhani ni klachi, wakati gari lenyewe halina klachi.

Sasa la jana. Nilikuwa wodini na mzazi wa mimba ya kwanza, dirisha wazi. Nikaona gari la mtambo linaingia, linamshusha, linaondoka. Shati limepigwa pasi, wifi, alipiga mwenyewe. Hakuja mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua kwa ufunguo wake, akakaa kwenye usukani, akarekebisha kioo. Akazungusha. Kimya. Akautoa, akaufuta kwenye suruali, akazungusha tena. Mzazi wangu akapiga kelele nikamgeukia, na kila nilipoinua kichwa nilimwona yuleyule, anazungusha. Sikuona raha, usidhani niliona raha.

Mtoto alipotoka na kulia, nikamkabidhi mwenzangu, nikanawa, nikatoka nje. Bado alikuwa amekaa, mikono miwili kwenye usukani, vioo vimefungwa, jasho linamtoka. Nikafungua mlango. Akasema, "Nimekuja kukuchukua. Gari halitaki kuwaka, sijui limekuwaje." Nikamwambia halina ubaya wowote, ni ufunguo wake ndio haufanyi kazi tena, na ni mimi niliyekubali hivyo. Akautazama kiganjani. Akasema, "Lakini wewe unaumwa." Kwa upole, wifi, kwa upole uleule. Nilikuwa na damu ya mtu mwingine kwenye viatu na nilikuwa sijawahi kuwa mzima kama pale.

Akasema, "Basi nitakusubiri hapa mpaka umalize zamu." Akajiweka sawa kitini.

Nikamwambia, "Huwezi kusubiri ndani ya gari langu. Shuka."

Halafu akashuka. Nikafunga mlango, nikarudi wodini, nikampima yule mtoto uzito. Msichana, kilo tatu na robo.

Nilisema langu. Kama nimekosea, uniambie.

Mkunga